Kwangu Iko Sawa

Sisi tuliokaa Mlimba tumezoea kupima mambo kwa reli. Barua, wageni, bei ya mchele sokoni, vyote vilifuata treni ya TAZARA. Labda ndiyo maana nilipopatwa na mkasa wa kompyuta, aliyenifumbua macho alikuwa mzee mmoja aliyewahi kupakua mizigo Kidatu, ambaye kompyuta yenyewe hakuwahi kuigusa.

Mwaka 2009 nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa mpunga. Tulikuwa tumepewa kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye mfumo endeshi wa Linux na programu ya OpenOffice. Wapo walioicheka kwa kuwa haikuwa na Windows. Mimi niliipenda. Haikudai fedha za leseni, na nilijua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Msimu ule niliandaa orodha ya malipo: jina la mkulima, magunia aliyoleta, deni lake la pembejeo, na salio. Sikuchora jedwali. Nilijifunza kuchapa kwa taipureta, na kwenye taipureta safu hupangwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka tarakimu zikae chini ya wenzake. Nikafanya vivyo hivyo. Kwenye kioo changu safu zilinyooka kama zimepigwa rula. Nikaitia orodha kwenye flashi, nikapanda treni hadi Ifakara, nikaikabidhi kwa ofisi iliyokuwa ikitulipa, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Ofisi ile ilitumia Windows. Mashine yao haikuwa na aina ya herufi niliyoitumia, kwa hiyo ikachagua nyingine ya kufanana nayo, ila nene kidogo. Mistari mirefu ikakosa nafasi, na kilichokuwa mwishoni kikashuka chini. Katika orodha yangu kilichokuwa mwishoni ni salio. Bibi mmoja mjane, mwenye majina matatu marefu, salio lake likashuka likakaa juu ya jina la aliyemfuata. Karani alipofika kwenye mstari wa bibi aliona hana chake. Hakulipwa.

Alikuja kwangu asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mimi sikuandikwa?"

Nikawasha kompyuta, nikamwonyesha. "Umeandikwa, bibi. Tazama, kwangu iko sawa."

Akakitazama kile kioo kwa muda. "Mimi kompyuta siijui," akasema. "Nayajua magunia yangu. Hiyo yako iliyo sawa, nitailipia ada ya mtoto?"

Sikuwa na jibu. Wala sikulitafuta kosa langu. Nililaumu Windows, nikamlaumu karani. Wiki tatu zilipita tukibishana kwa simu, kila upande ukiapa kwamba kwake iko sawa, na mjukuu wa bibi yuko nyumbani, hasomi.

Ndipo nikamlalamikia yule mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mzigo ukitoka huku kwenda Kigoma, Kidatu unapitaje?"

Jibu nililijua. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia. Reli ya Kati, urithi wa Wajerumani, ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa vidole vinne, lakini inatosha kulizuia behewa. Ndiyo sababu mwaka 1998 pakawa na kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Mzigo hushushwa behewa moja ukapandishwa jingine.

"Basi," mzee akasema, "anayefunga mzigo hufunga akijua utashushwa. Wewe ulifunga kana kwamba behewa lako litafika nao hadi mwisho wa safari."

Niliona aibu, lakini pia nilipata nafuu, kwa sababu nilitambua kwamba tofauti za mashine hizi hazikutokana na hila ya mtu. Ni urithi, kama upana wa reli. Hata katika maandishi matupu, Windows humaliza mstari kwa alama mbili: moja ya kurudisha kigari mwanzo, nyingine ya kusogeza karatasi, kama tulivyofanya kwa mkono kwenye taipureta. Linux hutosheka na ile ya pili. Yalikwisha kuamuliwa kabla yetu.

Nikaiandika orodha upya kwa jedwali la kweli, ambamo kila tarakimu ina chumba chake na haihamii kwa jirani. Nakala ya kulipia nikaitoa kwa PDF, ambayo huweza kusafiri na herufi zake. Nakala ya kuendelea kuandikwa nikaihifadhi kwa muundo wa ODF, uliokubaliwa na ISO kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Chini kabisa nikaandika kwa maneno idadi ya wakulima na jumla ya fedha, ili mpokeaji ahesabu. Kisha nikaenda nayo Ifakara, nikaketi na karani tukasoma jina moja moja. Bibi alilipwa. Wiki tatu za shule za yule mtoto sikuweza kuzirudisha.

Siku hizi mifumo hii inaelewana kuliko zamani, na wengi wetu tunasomea nyaraka kwenye simu. Hata hivyo herufi bado hubadilishwa kimyakimya, na mwandishi asijue. "Kwangu iko sawa" ni habari ya kioo changu tu. Kwa hiyo nikishatuma waraka wenye majina ya watu na haki zao, humpigia simu aliyeupokea, nikamwomba anisomee mstari wa mwisho.