Nani Amesema?

Kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, na nyumba yetu ya Tanga imekwisha kupakwa chokaa, pale simu ilipotufikia kutoka Muscat. Ndugu yetu aishiye huko, ambaye ndiye mtunzaji wa shajara ya nasaba yetu katika kompyuta, alikusudia kuichapa kwenye karatasi kubwa iwe zawadi ya harusi. Alipokuwa akiipanga akaona mstari wa nukta ukitoka kwa marehemu bibi yetu, mzaa baba zetu, ukaenda moja kwa moja hadi kwa bwana harusi.

Maana ya mstari ule sote tuliijua, kwa kuwa ni sisi wenyewe tuliokubaliana kwamba mstari wa nukta uwe alama ya ziwa. Shajara yetu ilikuwa ikitwambia kwamba kijana aliyemposa dada yetu, binti wa baba yetu mkubwa, alinyonyeshwa na bibi yetu.

Msomaji anayeijua Surat an-Nisaa hahitaji maelezo marefu. Aya ya 23 imewataja mama walionyonyesha na ndugu wa kunyonya pamoja na wale walioharamishwa kwa damu. Ikiwa mstari ule ni wa kweli, basi kijana yule ni ndugu wa kunyonya wa baba yake bi harusi, na kwa bi harusi mwenyewe ni ami. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Tulikwenda kwa sheikh wetu usiku ule ule, baada ya sala ya Isha, tukiwa tumebeba kompyuta mpakato. Tukamfungulia, tukamwonyesha mstari. Aliutazama kwa utulivu, kisha akauliza swali moja.

"Nani amesema?"

Tukajibu kwamba imeandikwa.

"Naona imeandikwa, wanangu. Nauliza nani amesema. Aliona kwa macho yake, au aliambiwa? Na alisema lini?"

Hatukuwa na jibu. Pale ambapo palipaswa kuwa na jina la msemaji palikuwa patupu. Sheikh akatukumbusha habari ya Uqba bin al-Harith, iliyomo katika Sahihi ya Imam Bukhari: kwamba alipokwisha kuoa, mwanamke mmoja alidai kuwa amewanyonyesha yeye na mkewe, naye akapanda mnyama wake mpaka Madina kumuuliza Mtume (SAW), kisha akaachana na mke yule. "Neno kama hili halidharauliwi," akasema. "Lakini halina mwenyewe, na mimi siwezi kulitolea hukumu neno lisilo na mwenyewe. Nendeni mkamtafute."

Kilichotuumiza njiani tukirudi ni kwamba mwenyewe tuliwahi kuwa naye. Marehemu shangazi yetu alianza kuandika habari za ukoo mwaka 2008, Bibi angali hai, katika kaunta buku la jalada gumu. Kila habari aliyoiandika aliiwekea pembeni mambo matatu: nani amesema, amesema lini, na kama aliona mwenyewe au alisikia kwa mwingine. Ndugu wa ziwa aliwaandika wote. Alikuwa akisema kwamba damu hujitangaza usoni, ila ziwa halina alama, na lisipoandikwa watu wataoana bila kujua.

Mwaka 2014 mwenzetu mmoja aliyesomea kompyuta aliliingiza daftari lote katika programu ya nasaba. Kazi ilimchukua miezi minane, na sababu ya kuchukua muda ule ni kwamba hakuingiza majina peke yake. Programu hizi huwa na sehemu ya chanzo, nayo hugawanyika. Kwanza chanzo chenyewe, kama vile daftari, cheti cha kuzaliwa au hati ya mirathi. Pili mahali chanzo kinapohifadhiwa. Tatu rejeo, yaani ule ukurasa na yale maneno yanayobeba habari moja mahususi. Shangazi akiwa amekaa kando yake, mwenzetu alijaza vyote. Jumla yalikuwa majina 312, na kila jina lilikuwa na shahidi wake.

Shangazi alifariki mwaka 2020, Allah amrehemu. Mwaka uliofuata kompyuta ya zamani ilianza kufa, nasi tukaamua kuihamishia shajara kwa ndugu yetu wa Muscat, ambaye alitumia programu nyingine. Kwa uhamisho wa namna hii kuna mpangilio wa faili uitwao GEDCOM, uliobuniwa Marekani mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wafuasi wake hujishughulisha mno na kutafuta nasaba. Programu nyingi za nasaba duniani huuelewa mpangilio huo. Mwenzetu alitoa faili, akaituma, na ndugu yetu akaifungua upande wa pili. Tukahesabu majina: 312. Tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyehesabu mashahidi.

Siku chache baadaye programu mpya ikatuonyesha orodha ya watu iliowashuku kuwa ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Miongoni mwao walikuwamo wawili wenye jina moja, baba mmoja na mama mmoja, watoto wa jirani yetu wa miaka mingi. Hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa, wala hapakuwa na chochote cha kuwatenganisha. Tukadhani ni makosa ya uandishi, tukabonyeza kitufe cha kuwaunganisha. Majina yakawa 311, nasi tukaona tumeisafisha shajara.

Sasa, kwa swali la sheikh, ilitubidi turudi nyuma. Kompyuta ya zamani haikuwaka tena. Faili ile ya uhamisho, hata hivyo, ilikuwa imebaki katika barua pepe. Mwenzetu akaifungua kama maandishi ya kawaida, maana GEDCOM kwa asili yake ni maandishi matupu ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Kila mstari huanza kwa tarakimu inayoonyesha ngazi yake, kisha neno fupi: SOUR kwa chanzo, PAGE kwa ukurasa, QUAY kwa kiwango cha uhakika, kuanzia 0 hadi 3. Programu ikitaka kusema jambo ambalo mpangilio haukulitengea neno, hujitungia neno lake na kulianzisha kwa kistari cha chini. Hapo ndipo penye shimo. Programu inayopokea, isipolitambua neno lile, huenda ikaliruka bila kuuliza.

Udugu wa ziwa ni mmoja wa mambo yasiyotengewa neno. Waliobuni mpangilio ule walimfikiria mtoto wa kuzaliwa, wa kupangwa na wa kulelewa. Mama wa kunyonya hakuwamo katika desturi zao. Programu yetu ya zamani ilikuwa imeuandika udugu ule na maelezo yake kwa maneno ya kujitungia. Ile mpya ilipokea uhusiano ukiwa mtupu, maelezo ikayaacha.

Katika faili yalikuwapo, mstari kwa mstari. Daftari la Shangazi, ukurasa wa 47. Msemaji ni Bibi mwenyewe, mwaka 2009. Mtoto wa kwanza wa jirani alinyonya kwa Bibi mwaka 1991, Mfungo Mosi, mama yake akiwa na homa ya uzazi; akafariki kabla hajaota meno. Mtoto wa pili amepewa jina la nduguye. Huyu hakunyonya kwetu. Aliyekuwa akimleta mtoto ni jirani wa nyumba ya nyuma. Daftari limehifadhiwa katika sanduku, Muheza, kwa binti wa Shangazi.

Tulisoma kimya. Kisha mmoja wetu akasema lile ambalo kila mtu aliliona: hatukuwa tumesafisha shajara, tulikuwa tumemfuta mtoto.

Asubuhi yake tulikuwa Muheza. Sanduku lilikuwapo, daftari limo, na ukurasa wa 47 una mwandiko wa Shangazi, wino umefifia kidogo ila unasomeka. Tukarudi na kubisha hodi nyumba ya nyuma. Bibi jirani sasa ana zaidi ya miaka themanini, macho yamepungua nuru lakini kumbukumbu iko imara. Baada ya shikamoo na marahaba tulimuuliza bila kumwambia tunataka jibu gani, kama sheikh alivyotuagiza. Akasimulia jinsi alivyokuwa akimbeba kichanga alfajiri na jioni, siku kumi na zaidi, na jinsi alivyosaidia kumkosha alipofariki. Kuhusu wa pili akasema: "Huyu wa pili? Huyu mama yake alimnyonyesha mwenyewe mpaka akatembea. Mimi ndiye niliyemwambia amwachishe."

Sheikh aliwasikiliza wote. Baba yake bwana harusi alieleza kwamba mwaka 1991 alikuwa baharini katika meli za mizigo. Alijua mtoto wake wa kwanza amekufa, hakujua alinyonya wapi, na mkewe alifariki kijana wao akiwa na miaka mitatu. Bwana harusi mwenyewe alilelewa Mombasa kwa mama yake mdogo, naye alizaliwa mwaka 1994. Tukaleta cheti cha kuzaliwa cha ami yetu mdogo, kitinda mimba wa Bibi, wa mwaka 1991. Daftari, cheti na mashahidi walio hai vikasema neno moja. Na kwa kuwa udugu wa ziwa humshika yule aliyenyonya na kizazi chake, wala haumshiki nduguye asiyenyonya, sheikh akaruhusu ndoa. Familia nyingine yenye jambo kama hili imwendee mwanachuoni wake. Sisi tunasimulia yetu tu.

Kabla hatujaondoka sheikh alitwambia jambo ambalo hatujalisahau. Wanavyuoni wa Hadithi, alisema, waliukuta mtihani wetu karne nyingi kabla ya kompyuta. Wapokezi wengi walifanana majina, hata majina ya baba zao, na mtu akimdhania dhaifu kuwa madhubuti, au madhubuti kuwa dhaifu, huharibu elimu. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alitunga kitabu kizima, Al-Muttafiq wal-Muftariq, kwa ajili ya kuwatenganisha wenye jina moja. Aliwatenganisha kwa kuangalia nani alipokea kwa nani, wapi na lini. "Nyinyi mlikuwa na sanadi," akasema, "mkahamisha matini mkaiacha sanadi njiani."

Tumejifunza, na tunawaandikia wenzetu tulichojifunza, kwani siku hizi familia nyingi zinaweka nasaba zao katika kompyuta, na kwetu sisi Waislamu nasaba ni mlango wa mirathi, wa umahramu na wa kuunga udugu.

Andika msemaji siku ile ile unapoandika jina, wala usingoje. Yaliyo mazito, kama kifo cha utotoni au ziwa, yaandike pia katika maelezo ya kawaida ya mtu mwenyewe, yasibaki ndani ya rejeo peke yake. Kabla ya kuhamisha shajara nzima, hamisha kwanza mtu mmoja mwenye habari nyingi, kisha mkague upande wa pili, neno kwa neno. Hesabu majina, na uhesabu vyanzo. Kama programu inayopokea inatoa orodha ya mistari isiyoifahamu, isome yote. Faili ya asili usiifute kamwe. Picha za kurasa na vyeti zihamishe kando, kwa kuwa faili ya kawaida ya GEDCOM hubeba anwani ya picha bila picha yenyewe. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 limeweka njia ya kuzifunga pamoja, lakini si kila programu inayo. Na usiwaunganishe watu wawili kwa kufanana majina mpaka uone mashahidi wa kila mmoja. Daftari la karatasi nalo litunzwe, na watu wajue liko kwa nani.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tulikuwa tukiisoma tukifikiria fedha tu. Leo tunaona kwamba habari tuliyoachiwa na wazee nayo ni deni, na sisi tutaulizwa tumeifikishaje.

Ndoa ilifungwa wiki mbili baada ya siku iliyoandikwa kwenye kadi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ndugu yetu wa Muscat alifungua shajara na kuwatenganisha wale ndugu wawili. Akamrudisha mkubwa mahali pake, akaurudisha mstari wa nukta kwa aliye na haki nao, na chini yake akaandika ukurasa, mwaka, na jina la Bibi kuwa ndiye msemaji. Kisha akampigia simu baba yake bwana harusi, akamsomea. Mzee yule alinyamaza muda mrefu. Akasema kwamba katika miaka yote hii hakuwahi kuliona jina la mtoto yule limeandikwa mahali popote.

Shajara yetu ina majina 312 tena. Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa wenye kufikisha amana kama ilivyo.