Baba aliniuliza: ‘Ulianzia wapi?’

Siku ya tatu ya homa ya mwanangu, juu ya meza ya sebuleni kulikuwa na chupa nne. Dawa ya homa, dawa ya kikohozi, dawa ya mafua, na nusu chupa ya antibayotiki aliyokuwa ameandikiwa binamu yake wiki iliyotangulia. Zote nilikuwa nimempa.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika zaidi ya mara moja kwamba mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Lakini hayo niliyaandika nikiwa ofisini, mchana, chai yangu ikiwa pembeni. Saa nane za usiku, mtoto wa miaka miwili akiwa anachemka mikononi mwako na baba yake yuko safarini, mambo ni mengine. Nilimpa dawa ya homa, joto likashuka, akacheka kidogo, nikamshukuru Mungu, nikalala. Kesho yake joto likapanda tena. Nikaongeza chupa nyingine.

Asubuhi ya siku ya nne hakuweza kushika kikombe. Alikuwa analala tu. Nikimwita anafungua macho nusu, kisha anayafumba. Hospitali walimtoboa kidole, na kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Akalazwa, akaanza kuchomwa sindano.

Daktari aliniuliza mambo matatu: amepewa dawa gani, saa ngapi, kiasi gani? Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, sikuwa na jibu la uhakika hata moja.

Jioni baba yangu alikuja moja kwa moja kutoka gereji, kucha zikiwa bado na oili. Amekuwa fundi wa magari tangu kabla sijazaliwa.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama. Mjukuu wangu anaendeleaje?”

Nikamsimulia yote, pamoja na zile chupa nne. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: “Ulianzia wapi?”

Sikumwelewa. Akasema: “Gari likizima njiani, fundi ana mahali pa kuanzia. Petroli inafika? Moto wa plagi upo? Hewa inapita? Anaangalia kimoja, halafu kingine. Wewe umebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Hata mtoto angepona, usingejua kilichomponya. Na joto liliposhuka ukadhani gari limepona, kumbe ulikuwa umezima taa tu ya kwenye dashibodi.”

Mwanangu alipata nafuu, na baada ya siku nne tukaruhusiwa. Swali la baba nikarudi nalo nyumbani.

Mama, wanawe wawili na pini ya kofia

Wiki chache baadaye nilikuwa naandaa makala kuhusu madhara ya madini ya risasi kwa watoto. Nilitaka kujua risasi iliingiaje kwenye petroli, na kusoma huko kukanirudisha nyuma hadi kwenye magari ya kwanza kabisa ya petroli. Huko nikakutana na mama mwenzangu.

Anaitwa Bertha Benz. Mumewe, Carl, aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886 nchini Ujerumani, lakini wateja hawakuwa na imani nalo. Alfajiri moja ya Agosti 1888, bila kumwomba mumewe ruhusa, Bertha alilitoa gari hilo akiwa na wanawe Eugen, miaka 15, na Richard, miaka 13. Wakaanza safari kutoka Mannheim kwenda nyumbani kwa mama yake Bertha mjini Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Hakuna aliyekuwa amewahi kwenda mbali hivyo kwa gari kama lile. Njia nzima hakukuwa na kituo cha mafuta wala gereji.

Mafuta yalipopungua, walisimama mji wa Wiesloch wakanunua kwenye duka la dawa. Ndiyo, duka la dawa. Injini ile ilitumia ligroini, mafuta mepesi ya jamii ya petroli ambayo watu waliyatumia kutolea madoa kwenye nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa moto wa injini ulipochubuka, inasimuliwa kwamba aliuzungushia utepe wa kufungia soksi. Maji ya kupooza injini yalichemka na kupotea hewani, hivyo walisimama mara kwa mara kuchota mengine. Cheni iliposumbua hakujifanya anajua, alimtafuta mhunzi. Breki zilipolika, fundi viatu alizipigilia ngozi. Na mlima ulipolishinda gari, watoto walishuka wakasukuma.

Nilisoma habari hiyo mara mbili. Ujasiri wake wengi wameusifu. Mimi nilivutiwa zaidi na utaratibu wake. Mafuta yasipofika injini inazima. Moto ukikosekana, injini inazima vilevile. Dalili ni moja, ugonjwa ni mwingine. Bertha alitafuta kwanza palipoharibika, ndipo akachagua cha kufanya. Alichokiweza alikitengeneza, kilichomshinda akampelekea mwenye ujuzi.

Na hakusahau yaliyowapata njiani. Baada ya safari ile mumewe aliliongezea gari gia ya kupandia milima.

Vidole juu ya koili

Miaka 20 baadaye, mwaka 1908, Ford ya Model T iliingia sokoni Marekani. Wakulima wengi walioinunua hawakuwahi kumiliki injini maishani, na fundi alikuwa mbali. Ilibidi kila mmoja ajifunze kulitibu gari lake.

Injini hiyo ilikuwa na silinda nne, na kila silinda ilikuwa na koili yake. Juu ya kila koili kulikuwa na kipande chembamba cha chuma kilichotetemeka na kulia kama nyuki. Injini ilipoanza kukosa, dereva mwenye akili hakukimbilia kufungua kila kitu. Alifungua kisanduku cha koili injini ikiwa inanguruma, kisha akabana kwa vidole chuma cha kwanza na cha nne. Silinda hizo mbili zilizima. Kama mbili zilizobaki zilipiga sawasawa, basi mgonjwa ni mmoja kati ya zile alizozibana. Akaachia ya nne, akabana tatu nyingine, akasikiliza. Dakika chache tu, bila spana, alikuwa ameijua silinda mbovu.

Nilipomsomea baba habari hii kwenye simu alicheka sana. “Hata sisi tulichomoa waya wa plagi moja moja. Ukichomoa na injini isibadilike, huyo ndiye mgonjwa wako.”

Magari hayo pia yaliadhibu haraka mtu aliyeruka hatua. Yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Kabla ya hapo dereva alitakiwa kuuchelewesha moto wa plagi kwa kusogeza wenzo mdogo karibu na usukani. Akisahau, injini ilirusha hendeli kinyume kwa nguvu na kumvunja mkono. Mpaka leo madaktari wa mifupa wana aina ya mvunjiko karibu na kifundo cha mkono wanayoiita kwa jina la madereva.

Sauti iliyonyamazishwa

Kisha nikafika kwenye risasi niliyoitafuta tangu mwanzo.

Kadiri wahandisi walivyotengeneza injini zenye mgandamizo mkubwa zaidi ili zipate nguvu, tatizo moja liliwasumbua: injini ilikuwa inagonga. Sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa ilijilipua yenyewe kwa joto na mgandamizo, kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlio wake ulikuwa kama nyundo ndani ya chuma, na ukiachwa uliweza kuharibu injini. Wengine waliulaumu mfumo mpya wa kuwashia kwa betri. Thomas Midgley, aliyefanya utafiti General Motors chini ya Charles Kettering, alifuatilia mpaka akaona kwamba chanzo kiko kwenye mafuta yenyewe.

Hadi hapo walikuwa mafundi wazuri. Walitafuta, wakapata chanzo. Kilichofuata ndicho kilichoniuma.

Walijaribu vitu vingi vya kuchanganya na petroli. Desemba 1921 wakajaribu kemikali yenye madini ya risasi, kidogo tu, na injini ikanyamaza. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Ilishajulikana kwamba risasi ni sumu, na pia kwamba petroli ikichanganywa na pombe ya ethanoli hupunguza kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha mafuta cha New Jersey walikufa kwa sumu ya kemikali hiyo, wengine wakichanganyikiwa akili kabla ya kufa. Mauzo yalisimamishwa kwa muda, kisha yakaendelea.

Risasi ile haikuishia kwenye injini. Ilitoka kwa moshi, ikatua barabarani, uani na kwenye mikono ya watoto wanaotambaa. Risasi huathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Ina maana mimi, na huenda wewe unayesoma hapa, tulipita utoto wetu tukiivuta hewa hiyo.

Watu wale waliipima dawa yao kwa sikio. Mlio umeisha, basi tatizo limeisha. Hawakutaka kufuatilia kwamba kile kilichounyamazisha kinakwenda wapi. Nikaiona meza yangu ya sebuleni na zile chupa nne. Mimi nami niliipima dawa kwa mkono juu ya paji la uso. Joto limeshuka, basi mtoto amepona. Wakati huo vimelea vya malaria vilikuwa vinaendelea na kazi yao kwenye damu yake.

Daftari juu ya kabati

Mzazi mwenzangu, dawa ya homa si adui. Inampunguzia mtoto mateso, na unaweza kumpa kwa kipimo sahihi wakati unajiandaa kwenda kituo cha afya. Kosa ni kuigeuza kuwa jibu. Homa ni mlio wa injini, na kazi yake ni kukuambia kuna kitu ndani.

Usimpe mtoto antibayotiki ya mtoto mwingine. Usirundike dawa za mafua na kikohozi. Baadhi zina dawa ileile ya homa ndani yake, na unaweza kumzidishia bila kujua. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe ndani ya saa 24. Akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea na kusinzia kupita kawaida, usisubiri hata saa moja. Kama Bertha na cheni yake, hapo ni kwa fundi.

Siku hizi juu ya kabati la dawa nina daftari dogo la shule. Naandika siku, saa, joto la kipimajoto, dawa niliyompa na kiasi chake. Mwanzoni mume wangu aliona nimezidisha. Sasa hata yeye anaandika.

Mwezi uliopita mtoto alipata homa tena, saa nne usiku. Nilipima joto, nikaandika. Nikampa dawa ya homa, nikaandika. Asubuhi tulikuwa wa tatu kwenye foleni ya zahanati. Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Mganga akaendelea kutafuta, akaangalia koo, kifua, kisha masikio, na kwenye sikio la kushoto akakuta uambukizo. Alipouliza amepewa nini, nilimpa daftari.

Jioni baba alipiga simu kumjulia hali mjukuu wake. Kabla ya salamu kuisha akaniuliza: “Safari hii ulianzia wapi?”

Nikamsomea ukurasa mzima.