Tafakari ya Juma: Kiti cha Mtu wa Tano



Wapendwa wanaparokia, Dominika hii ya tatu ya Majilio Mama Kanisa anatualika tufurahi, ndiyo maana padre huvaa rangi ya waridi altareni. Katika siku hizi hizi, tarehe 13 Desemba, tunamkumbuka pia Mtakatifu Lusia, bikira na shahidi wa Sirakusa. Kila ifikapo sikukuu yake sisi hukumbuka meza moja ya ugenini, na aibu iliyotupata mezani hapo. Juma hili tumeona vema tuwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita tuliishi masomoni Uppsala, mji wa Sweden ulio kilometa 70 hivi kaskazini ya Stockholm. Huko jua la Desemba huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Katika giza hilo Waswidi humngoja Lusia. Alfajiri wasichana na wavulana waliovaa kanzu nyeupe huingia wakiimba mashuleni, hospitalini na maofisini, wakiongozwa na msichana mwenye taji la mishumaa kichwani. Ilitustaajabisha kwamba nchi iliyoachana na Roma tangu karne ya 16 bado humkesha shahidi wa Kikatoliki kutoka Sisilia.

Tulikuwa Watanzania watano tuliojuana mjini pale: padre, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, mama mmoja aliyeolewa huko, na kijana aliyefanya usafi hotelini. Tulikutana Jumapili baada ya Misa, kwenye kahawa ya kanisani, pamoja na Waeritrea, Wapolandi, Wairaki na Waamerika ya Kusini. Wakatoliki ni wachache sana Sweden. Nchi nzima ni jimbo moja tu, la Stockholm, na wengi wa waamini wake ni watu waliotoka mbali kama sisi.

Tusiwasingizie wenyeji wetu ubaridi. Walitualika, ila mwaliko wao huandikwa kwenye kalenda. Hapa Tunduma mtu hupiga hodi na kukuta sufuria jikoni. Kule "karibu" huja na tarehe na saa, na ukiambiwa saa kumi na mbili basi ni saa kumi na mbili kamili. Lakini wana adabu moja tuliyoipenda. Ukila kwao leo, siku mtakapoonana tena hushukuriana upya kwa siku ile iliyopita. Kwao karamu haiishi siku ilipoliwa.

Basi tukazijua sikukuu zao. Tarehe 30 Aprili wanafunzi wa Uppsala hushuka mto Fyris kwa vyelezo walivyovitengeneza wenyewe, na wengi hupinduka katika maji ya baridi huku umati ukishangilia ukingoni. Mwezi Juni, usiku unapokuwa mfupi kabisa, watu wazima na watoto hucheza kuuzunguka mlingoti uliopambwa majani, wakirukaruka kama vyura, mabwana wakubwa wa ofisi nao wakiwemo. Mwezi Agosti tulikwenda msituni kuchuma matunda madogo ya porini, maana huko desturi na sheria humruhusu mtu yeyote kupita msituni na kuchuma, hata kama msitu si wake. Mama yetu aliinama akichuma, akasema ni kama kutafuta uyoga nyumbani wakati wa mvua.

Matembezi tunayoyakumbuka zaidi yalikuwa ya kwenda makaburini. Mwanzoni mwa Novemba Waswidi huwasha mishumaa juu ya makaburi ya ndugu zao, na jioni uwanja mzima humeremeta. Katika makaburi ya zamani ya Uppsala tulilikuta kaburi la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, akiwa safarini kutafuta amani ya Kongo, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, Zambia. Ndola! Mji ambao malori yanayotoka hapa kwetu kwenda Copperbelt na Kongo huupita kila siku. Mtoto wa Uppsala alifia kwenye njia yetu, nasi watoto wa njia ile tumesimama kaburini kwake. Tuliwasha mshumaa mmoja, sote watano, tukasali Baba Yetu kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo mara ya mwisho, mwaka ule, tulipokuwa watano.

Ikaja Desemba 9, sikukuu ya Uhuru. Tuliazimia kufanya sherehe ya Kitanzania, na Watanzania wa miji ya jirani waje. Kama ilivyo kwetu, tuliunda kamati, na kamati ikatoa orodha ya michango: kronor 200 kila mtu. Orodha ilibandikwa ukutani, aliyelipa akiwekewa alama mbele ya jina lake. Sherehe ilifana. Pilau ilinukia hadi barabarani, tukaimba, tukacheza, tukapiga picha za kutuma nyumbani. Kijana wetu hakuja. Tulisema labda yuko kazini, tukaendelea kucheza.

Pale kanisani kulikuwa na mzee mmoja Mswidi, mjane, ambaye ujanani alifanya kazi Uyole, katika kituo cha kilimo kilichojengwa karibu na Mbeya kwa msaada wa nchi za Nordiki miaka ya 1970. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa lakini hakijamwisha. Alitualika sote watano nyumbani kwake tarehe 24 Desemba, maana Noeli ya Waswidi huliwa siku ya mkesha. Siku hiyo maduka hufungwa mapema, mitaa huwa mitupu, kila mtu yuko kwao. Ifikapo saa tisa alasiri nyumba nyingi hukaa pamoja kutazama katuni za Donald Duck kwenye televisheni, desturi iliyodumu tangu miaka ya 1960. Asiye na kwao siku hiyo hulijua hilo barabara.

Tulifika wanne. Mezani kulikuwa na paja la nguruwe, samaki wa siki, viazi, na sahani sita: moja yake, tano zetu. Mzee aliitazama ile ya sita.

"Padre, yule kijana wenu yuko wapi?"

Tulijibu kwamba tulimtumia ujumbe kwa simu, hakujibu. Labda yuko kazini.

"Mlimwona lini?"

Tukatazamana. Yapata majuma sita yalikuwa yamepita. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Mzee hakutugombeza. Alitusimulia tu Noeli yake ya kwanza Uyole, akiwa kijana na mpweke. Hakualikwa na mtu, akajifungia ndani na redio yake. Mchana majirani wakapiga hodi na kuku mzima katika bakuli, wakaingia, wakakaa naye hadi jioni. "Hawakuniuliza nimechangia nini," alisema. Kisha akafunga chakula katika karatasi, akachukua funguo za gari, tukatoka wote katika theluji.

Kijana alichelewa kufungua mlango. Alikuwa amevaa koti ndani ya chumba, taa imezimwa. "Shikamoo Padre," akasema, halafu akanyamaza. Tulipokaa ndipo alipotueleza. Kazi ya hotelini ilikwisha mwanzoni mwa Novemba. Kodi ya chumba ilikula akiba yote. Siku moja alifika kuona tangazo la sherehe, akaliona jina lake, peke yake, halina alama. "Mkono mtupu haulambwi, Padre. Nikaona bora nisije nikawaaibisha." Hata Misa aliiacha, kwa sababu baada ya Misa kuna kahawa, na kwenye kahawa tupo sisi.

Wapendwa, orodha ile iliandikwa na mkono huu huu unaoandika tafakari hii. Tulikuwa tumejenga ukuta kati ya ndugu na altare kwa kronor 200, nasi tukidhani tunapanga sherehe.

Tulikula naye palepale, mzee akiwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, tukaenda pamoja Misa ya usiku. Mwezi Machi alipata kazi katika kiwanda cha mikate. Siku ya kucheza kuuzunguka mlingoti alikuwa wa kwanza kufika, mikate minne mkononi. Orodha hatukuibandika tena. Tuliweka kikapu mlangoni, na aliyeweka na asiyeweka anajulikana na Mungu peke yake.

Sasa tuje kwetu. Hatusemi mchango ni mbaya. Bila michango wangapi kati yetu wangezika wapendwa wao au kuoza watoto wao? Lakini tunajua pia jinsi kadi za harusi zinavyowapima watu, huyu kadi ya mmoja, huyu ya wawili, na yule ambaye hakumaliza ahadi yake hulala mapema siku ya sherehe na kusikiliza muziki wa jirani kutoka kitandani. Katika vikao tunasoma majina ya waliotoa. Ni nani kati yetu husoma majina ya walioacha kuonekana?

Tena tazameni barabara yetu. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza kungoja, na bado kuna siku foleni ya malori hurefuka. Ndani ya kila kabati la lori kuna mtu wa mtu, Mkongo, Mzambia, Mmalawi au mwenzetu wa Dar es Salaam, anayepika kwenye jiko dogo kando ya gurudumu. Noeli itawakuta baadhi yao papo hapo, wakisikia kengele zetu. Kwao sisi ndio Waswidi wenye mitaa mitupu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatufundisha tuwaalike wale wasioweza kutualika nao. Tunaziomba basi jumuiya ndogo ndogo zote mambo mawili kabla ya Noeli. Kwanza, kila jumuiya ijiulize ni nani hajaonekana tangu Oktoba, na watu wawili waende kwake, wasiende na daftari. Pili, kila meza ya Noeli iwe na sahani moja ya ziada, na mmoja wa nyumba hiyo atembee hadi barabarani kumtafuta mwenye sahani. Waweka hazina wapumzike. Jambo hili halina mchango.

Furaha ya Dominika hii isitufanye tuhesabu waliofika tu. Mungu awabariki nyote, na wale walio safarini awafikishe salama.

Tumsifu Yesu Kristo.