Sikukuu Inayomngoja Mwenye Nyumba

Katika nyumba za raia Krismasi huja tarehe 25 Desemba. Katika nyumba za askari huja siku ile mwenye nyumba atakapopata ruhusa. Mama wenzangu mnaoishi kambini mtanishuhudia kwamba mwezi huo ndio mwezi wetu wa upweke. Barabara zimejaa magari, makanisa yamejaa waumini, masoko yamejaa wachuuzi na wezi, na wote hao wanahitaji mtu wa kuwalinda au wa kuwakamata. Likizo husimamishwa, zamu hurefushwa, na mke husalia na watoto wanaouliza swali lile lile mara kumi kwa siku.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya elimu ya wilaya, na kabla ya hapo nilisomea ualimu nikapata cheti. Mume wangu ni konstebo wa polisi. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yetu amekula chakula cha Krismasi pamoja nasi, katika tarehe yake hasa, mara tatu tu. Sisemi haya kwa kulalamika, maana kiapo ni kiapo. Nayasema ili ndugu msomaji afahamu kwa nini nyumbani kwangu sikukuu hutengenezwa kwa vyakula vinavyoweza kungoja.

Viko vyakula visivyongoja. Luwombo ya kuku, kwa mfano, ni chakula cha heshima kubwa katika Buganda, na majirani zangu huipika kwa ustadi unaonitamanisha. Jani changa la mgomba hulainishwa juu ya makaa bila kupasuka, kuku aliyekwisha kubanikwa hulazwa ndani yake pamoja na mchuzi wa karanga, kisha jani hukusanywa na kufungwa kwa kamba ya mgomba ule ule, likapikwa kwa mvuke saa nyingi. Lakini likishafunguliwa, limefunguliwa. Huwezi kumwekea luwombo mtu ambaye hujui kama atarudi kesho au mwezi ujao.

Malewa hungoja. Kila mwisho wa Novemba mama yangu hunitumia mafungu matatu kwa basi kutoka Mbale. Kwa asiyeyajua, malewa ni machipukizi ya mwanzi yaotayo katika misitu ya Mlima Elgon, ambao sisi Wagisu twauita Masaba. Huchumwa wakati wa mvua, humenywa, kisha hukaushwa kwa moshi juu ya meko hata yawe na rangi ya kahawia iliyoiva na ugumu wa kuni. Yakifika hapo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Hayahitaji jokofu, yanahitaji msumari tu wa kuyatundikia. Na kwa upande wa mume wangu, ambaye ni Mlango wa Lira, kuna odii: ufuta na karanga vilivyokaangwa, kila kimoja peke yake, vikatwangwa, vikasagwa juu ya jiwe mpaka mafuta yakaelea. Odii nayo ikiwekwa katika kopo lenye mfuniko ina subira nyingi.

Kununua mapema kuna faida nyingine ambayo si ya mapenzi bali ya fedha. Kila mtu kambini anajua habari za wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki ya askari kama rehani, wakachota mshahara wake siku unapoingia. Wengi wa wanaonaswa hunaswa Desemba, kwa kuku mmoja, kreti moja ya soda na viatu vya watoto. Karanga nilizonunua Septemba zikiwa bado na maganda, kidogo kidogo kila mshahara, hazikunidai chochote Januari.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni 2021. Mwezi Novemba mume wangu alipelekwa Karamoja, katika ile operesheni ya kukusanya silaha iliyoanza Julai mwaka huo kwa jina la Usalama kwa Wote. Shule, zilizofungwa mara ya kwanza Machi 2020 na mara nyingine Juni 2021 kwa ajili ya korona, zilikuwa bado zimefungwa. Kwa hiyo binti yangu wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka sita walikuwa nyumbani mchana kutwa, nami nikaona heri jikoni pawe darasa. Tulibandua karanga. Binti alipewa hesabu: vikombe vinne vyenye maganda vinatoa vikombe vingapi visivyo na maganda? Mdogo wake alihesabu kwa sauti na kula kila ya tano, hata jawabu halikupatikana kamwe.

Tulipika pia kabalagala, vile vitumbua bapa vya ndizi ndogo zilizoiva sana. Ndizi hupondwa kwa mkono mpaka zilegee, hutiwa unga wa muhogo kidogo kidogo hadi donge lishikamane, kisha husukumwa, hukatwa kwa mdomo wa bilauri na kukaangwa. Maji hayatiwi hata tone, kwa kuwa ndizi yenyewe inatosha. Watoto walileta tawi la saipresi, wakalisimamisha katika ndoo ya mchanga, wakalibandika pamba iwe theluji. Sijui ni nani aliyewafundisha watoto wa Uganda kwamba pasipo theluji hapana Krismasi, lakini nilitoa pamba.

Mara ya mwisho mume wangu kupiga simu ilikuwa tarehe 19 Desemba. Baada ya hapo, kimya. Tarehe 22 mama mkwe alifika kutoka Lira na kopo lake la odii kifuani, limefungwa kwa kitambaa cha maua. Alikuta malewa ukutani, karanga katika gunia, na mimi nimeazimia kwamba havitaguswa mpaka baba watoto arudi. Hakupendezwa.

"Mwanangu," aliniambia, "sikukuu ya Bwana haimngoji konstebo."

Nilimjibu kwa heshima kwamba sala tutasali siku yake, lakini chungu ni changu. Moyoni nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia: kwamba tukikila chakula kile bila yeye, tutakuwa tumekubali jambo ambalo sikutaka hata kulitaja. Tarehe 25 tulisali, tukala wali na maharagwe, watoto wakapata kabalagala na soda moja ya kugawana. Mama mkwe alikula kimya. Jioni, nilipokuwa nikipanga vyombo, niliona kopo lake la odii liko pale pale alipoliweka siku tatu nyuma, na fundo la kitambaa halijalegezwa. Hatukulizungumzia.

Simu ililia tarehe 27 asubuhi. Walikuwa mahali pasipo na mtandao, wote wazima. Alisema maneno machache, kisha akauliza kama malewa yamekwisha.

Alirudi Ijumaa tarehe 7 Januari 2022, amekonda, na vumbi la Karamoja katika masikio, na ruhusa ya siku tano. Jumamosi usiku nililoweka malewa. Jumapili alfajiri niliyachemsha kwa maji yenye magadi, nikamwaga maji ya kwanza ambayo huwa machungu, nikayakatakata membamba, nikayarudisha motoni pamoja na karanga zilizosagwa. Hapo ndipo mpishi hapaswi kuondoka. Moto uwe mdogo na mwiko usipumzike, kwani karanga hushika chini kwa ghafula, na moshi wa karanga zilizoungua hauna dawa. Binti alisimama mwikoni nusu saa nzima, akikataa kupokewa. Jirani yangu, Mnubi wa Bombo, ambaye siku za Idi mume wangu humshikia mumewe zamu, alituazima sufuria kubwa la matoke na kutuletea sahani ya gurusa, chapati zao laini, zikiwa bado za moto. Alisema hajawahi kualikwa Krismasi mwezi Januari, lakini harufu imemleta.

Ile saipresi ilikuwa imekauka kabisa. Kila mtu alipopita karibu nayo, majani yalidondoka juu ya mkeka, na pamba ilibaki imening'inia katika vijiti vitupu. Mdogo wa kiume alikataa katakata isiondolewe, akisema baba bado hajaiona. Baba yake aliitazama kwa makini, akaisifu, kisha akaketi. Mama mkwe ndiye aliyelifungua kopo. Alimpakia mwanawe odii juu ya kiazi kitamu kwa mkono wake mwenyewe, kama mtoto mdogo, naye alikula bila kuona haya mbele yetu. Malewa alirudia mara tatu. Kabla ya saa kumi alikuwa amelala kitini na sahani mapajani, na watoto wakapewa amri ya kucheza nje, amri ambayo hawakuitii.

Kesho yake, Jumatatu tarehe 10 Januari, shule zilifunguliwa. Binti alikwenda na kabalagala sita katika mfuko wake, tatu zake na tatu za rafiki ambaye hakuwa amemwona tangu Juni. Jumatano mume wangu alirudi kazini. Odii iliyosalia ilikuwa nusu kopo. Mama mkwe alikaza mfuniko, akalifunga kwa kitambaa kile kile cha maua, akaliweka katika begi la mwanawe chini ya soksi, mahali ambapo, alisema, wenzake hawataliona upesi.