Wavu wa chuma na kipande cha kitenge

Wiki iliyopita niliweka hapa picha yangu ya zamani: nimesimama juu ya barafu, nimevaa kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, na ndani ya wavu nina barakoa ya kitenge. Mlicheka kweli kweli. Mmoja wenu aliye Nyarugusu akauliza, "Sasa ndugu, chuma kimeshafunika uso, kitambaa cha nini tena?" Nilimjibu kwa mkato tu, lakini swali lile limebaki na mimi. Leo nalijibu, pamoja na jambo moja ambalo hakuna mtu wa huko niliyewahi kumwambia.

Walionijua kambini wanakumbuka nilikuwa golikipa. Mpira wa mifuko ya nailoni, goli mawe mawili. Tulipohamishiwa Marekani mwaka 2018 nilikuwa na miaka 13, tukapelekwa Worcester, jimbo la Massachusetts. Kule miezi ya baridi mpira wa miguu nje hakuna, watu wanacheza hoki kwenye barafu. Kocha mmoja wa vijana aliniona nadaka mpira mtaani, akasema timu yake haina golikipa wa akiba. Vifaa vyote nikaazimwa. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa naanguka kama mtoto wa mbuzi aliyezaliwa leo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu tufike, kuna watu walikuwa wananiita kwa jina langu. Mtu ambaye hajawahi kuwa "yule wa Afrika" darasani hawezi kujua hiyo ina thamani gani.

Hoki hawachezi na mpira. Wanapiga kisahani cha raba ngumu, cheusi, kizito kama jiwe, kwa gongo, na kinaruka kasi kuliko gari la barabara kuu. Ndiyo maana ya wavu. Kocha alipenda kutusimulia habari za Jacques Plante, golikipa wa Montreal Canadiens. Zamani makipa walikaa golini uso wazi. Tarehe 1 Novemba 1959, huko New York, kisahani kilimpasua uso, wakamtoa kwenda kumshona, naye akakataa kurudi uwanjani bila barakoa aliyokuwa anaivaa mazoezini. Kocha wake, Toe Blake, hakuitaka. Wengine waliona kipa anayefunika uso ni mwoga. Basi akaivaa, na timu yake ikashinda 3 kwa 1. Leo hakuna kipa anayesimama bila kufunika uso.

Korona ilipoingia, Machi 2020, viwanja vikafungwa. Kampuni ya Bauer, inayotengeneza vifaa vya hoki, ikageuka kutengeneza ngao za plastiki za uso kwa ajili ya madaktari na wauguzi. Sisi tukaona fahari, kama vile ni sisi tumezitengeneza.

Watu wengi walidhani hoki ni salama kwa sababu kila mchezaji amejifunika tayari. Kumbe. Mwezi Juni mwaka huo, Tampa Bay, Florida, watu wazima walicheza mechi moja ya kujifurahisha usiku. Wachezaji walikuwa 22, wakiwa na nyavu zao au plastiki ya kukinga macho, lakini barakoa ya kitambaa hakuna. Ndani ya siku 5, wachezaji 14 na mfanyakazi mmoja wa uwanja walikuwa wanaumwa. Oktoba, jimbo letu likafunga viwanja vyote vya barafu kwa wiki mbili, baada ya kuona makundi yasiyopungua 30 ya maambukizi yanayohusiana na hoki.

Ukifikiria unaelewa. Uwanja wa barafu ni jengo lililofungwa, hewa baridi, watu wanahema kama wamekimbia kutoka Kasulu, halafu wanabanana benchi na kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wavu umetoboka kila mahali. Unazuia kisahani, pumzi inapita tu. Ndugu uliyeuliza, jibu lako ndiyo hilo: wavu ulikuwa unanilinda mimi, kitambaa kilikuwa cha kuwalinda wengine, na mimi pia kidogo.

Tuliporudi Novemba, timu yetu ilikuwa na sheria: barakoa hata ukiwa unacheza, uje umevaa kabisa kutoka nyumbani, chumba cha nguo hakuna. Na sitawadanganya, barakoa kwenye hoki ni mateso. Dakika kumi tu imelowa, inakunatia mdomoni, ukivuta hewa unavuta kitambaa. Zile za lastiki zinavutwa na kofia mpaka masikio yanauma. Mama, si mnajua alikuwa fundi, akakaa na cherehani yake siku mbili. Nje akaweka kitenge, ndani pamba ya mashati ya zamani. Akaweka marinda ili kitambaa kisiguse mdomo, waya mwembamba juu ya pua, na kamba ndefu za kufunga kisogoni badala ya lastiki. Akanishonea tatu kwa kila mechi, nikilowesha moja navaa nyingine kavu, iliyolowa naitia kwenye mfuko wa plastiki. Kocha alipoziona akaomba za timu nzima. Basi timu ya vijana wa Kizungu ikaingia uwanjani na vitenge vya mama yangu, wapinzani wakacheka, sisi tukaona tumependeza. Picha ile ni ya siku hiyo.

Sasa hilo jambo lenyewe. Januari 2021, tulirudi kutoka mazoezini wanne kwenye gari la mwenzetu mmoja. Vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi, tunakula chipsi, barakoa ziko mfukoni. Kesho yake mmoja akaniandikia kwamba hasikii harufu ya kitu chochote. Nikajua. Lakini kabla ya kila mazoezi tulikuwa tunajaza fomu: je, umekaa karibu na mtu mwenye dalili? Ukisema ndiyo, unakaa nyumbani. Kipa wa kwanza alikuwa ameumia goti, na Jumamosi ningeanza mimi, mara ya kwanza kabisa. Nikajaza hapana.

Nilicheza Jumamosi. Tulifungwa 5.

Jumatatu mwenzetu akatoka na majibu, anayo. Wote karantini. Mama alikuwa anafua nguo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naye akazuiwa kwenda, na siku zile hakulipwa zote. Tulipimwa: mimi ninayo, bila hata kikohozi. Mama anayo. Bibi anayo, na bibi ana kisukari. Alilazwa siku tisa. Hatukuruhusiwa kuingia, muuguzi alikuwa anamshikia simu. Bibi anajua Kibembe na Kiswahili tu, alikuwa anauliza kila siku kwa nini tumemwacha.

Alirudi, Mungu ni mwema, yuko nasi mpaka leo. Lakini mama alipiga magoti mbele yake siku aliyorudi, akalia, akaomba msamaha. Alikuwa na hakika kwamba ni yeye aliyeileta kutoka kazini. Na inawezekana, pale kazini kwake watu walikuwa wanaumwa. Hatujui na hatutajua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikiliza yote, nikanyamaza.

Nyie mnaofanya kazi na mashirika, najua mnasoma hapa. Mabango yalituonyesha namna ya kuvaa barakoa, pua ndani, kidevu ndani. Sawa. Lakini ile fomu, ukisema kweli unapoteza nafasi, ukisema uongo unacheza. Kijana ambaye ana kitu kimoja tu cha kushikilia mnafikiri atajaza nini? Sisemi kosa halikuwa langu. Lilikuwa langu. Nasema tu kwamba kocha angeniambia nafasi yako itakusubiri, labda ningeandika ndiyo.

Mama nilimwambia mwaka jana, jikoni, akiwa anakata kitambaa cha mteja. Nilianzia kwenye gari. Hakuacha kukata. Nilipomaliza akauliza:

"Siku hiyo kavu ulikuwa nazo?"

"Ndiyo, mama. Mbili."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema niende nikamwambie bibi mwenyewe, yeye hawezi kunisemea. Nikaenda. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema hata yeye alijua mama si wa kulaumiwa, kwa sababu mama alikuwa anaoga kabla hata ya kumsalimia. Kisha akanituma nimletee dawa zake.