Chenga za Buseresere

Buseresere tuliijua video miaka mingi kabla ya televisheni, na kwa muda mrefu hatukujua kwamba hivyo ni vitu viwili. Ndani ya banda la video kulikuwa na runinga ya inchi 14, deki chini yake, na jenereta likikoroma nyuma ya mabati. Kiingilio shilingi 50. Watoto tulikaa mbele, chini kwenye vumbi, mabenchi yalikuwa ya wachimbaji, na ukithubutu kusimama ulisikia, "Wewe nyanda, kaa chini!"

Dhahabu ndiyo iliyolipa yote hayo. Mwenye banda alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu, Rwamgasa, akaona heri hela ya mawe aitie kwenye deki kuliko kwenye pombe. Mchimbaji akishauza pointi zake za dhahabu na kula vizuri Katoro, alivuka kuja kwetu kumtazama Bruce Lee. Kuvuka kwenyewe ni hatua chache tu, ila kwenye makaratasi ya serikali Katoro ilikuwa Geita, mkoa wa Mwanza, na sisi tulikuwa Biharamulo, mkoa wa Kagera. Baadaye zikaja kanda zenye sauti ya Lufufu, aliyekusimulia kwa Kiswahili hata yale ambayo mwigizaji hakuyasema. Baada ya hapo kanda isiyo na msimuliaji ilikuwa ngumu kupata wateja.

Mjomba wangu aliyewahi kufanya kazi Unguja alituambia kwamba kule watu wanaangalia taarifa ya habari ya rangi majumbani mwao, tena tangu enzi za urais wa Mzee Jumbe. Tulimwona mwongo. Nchi ni moja, vipi wao wapate sisi tukose? Kumbe alisema kweli. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, ya rangi moja kwa moja, bila kupitia nyeusi na nyeupe. Wakenya walikuwa nayo tangu 1962, Waganda tangu 1963. Sisi wa bara tukangoja hadi 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi: CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi. Ya taifa, TVT, ikaja miaka kadhaa baada yao.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya watu wa mjini, ikabaki na redio. Wapo wanaomlaumu mpaka leo. Mimi sina ugomvi naye kwa hilo: mnara wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 usingefika Buseresere kwa namna yoyote, ilhali Redio Tanzania ilifika hadi kwenye kibuyu cha maziwa cha mchungaji wa ng'ombe, maana hapo ndipo alipoifunga.

Hata baada ya 1994 kwetu hazikuja picha, zilikuja chenga. Mwenye banda alisimamisha mlingoti, kijana mmoja akiuzungusha huku sisi tukimpigia kelele kutoka ndani: rudisha, rudisha, hapohapo! Hapohapo palidumu dakika mbili, chenga zikarudi. Lililomaliza shida hiyo ni dishi, lile kubwa la wavu, lililokuja juu ya lori la mpunga. Fundi wake alitoka Mwanza, akalala siku kadhaa akilitafutia uelekeo, akilipwa na kulishwa wali kuku. Nadhani angeweza kumaliza mapema zaidi.

Oktoba 1999 Mwalimu alifariki London. Wazee ambao hawakuwahi kukanyaga bandani, wakisema ni pa wahuni, walikuja wamevaa makoti. Kiingilio kilifutwa. Wakaliona jeneza likishuka kwenye ndege, kisha safari ya Butiama, alikozikwa tarehe 23. Babu mmoja aliuliza kama wale watu wa kwenye kioo wanatuona na sisi tunavyolia. Hakuna aliyecheka. Yule aliyeona hatuhitaji kitu hiki ndiye aliyewaingiza wazee wetu bandani.

Halafu Star TV ya Mwanza ikaanza, tukawa tunaona samaki wa Kirumba na mafuriko ya jirani, vitu tunavyovijua. Lakini siku niikumbukayo kuliko zote ni Ijumaa, Mei 31, 2002. Saa nane na nusu mchana, Kombe la Dunia: Senegal na Ufaransa, waliokuwa mabingwa. Waliotoka kuswali na waliotoka machimboni walikutana mlangoni, tope la karasha ya kusagia mawe bado likiwa miguuni. Diouf wa Senegal akatoroka kushoto, akapiga mpira ndani, Papa Bouba Diop akaanguka nao na kuusukuma wavuni. Benchi la kwangu lilivunjika. Dakika sitini zilizobaki tulizitazama tumesimama, mpaka mwisho, moja bila.

Kesho yake Cameroon walicheza na Ireland saa tatu na nusu asubuhi. Kiingilio kilikuwa kimepanda mara mbili, benchi limepigwa misumari, na kufika saa mbili nafasi zilikuwa zimeisha.