Baraka: Unga uwepo kwanza, ndipo sindano ya sukari

Mama mmoja aliyekimbia vita huko milimani Itombwe anaishi sasa Baraka, wilayani Fizi, kwa ndugu za mume wake. Nyumba moja, watu kumi na mmoja. Ana ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi na jioni anajidunga insulini ya mchanganyiko.

Jioni moja alijidunga saa kumi na mbili kama kawaida, akangoja bugali. Unga ulikuwa umeisha, na kijana aliyeenda ziwani kutafuta samaki alichelewa. Ilipofika saa mbili usiku mama alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Jirani mmoja alisema ni mapepo. Mkwe wake akakumbuka maneno ya muuguzi: alikoroga vijiko vinne vidogo vya sukari ndani ya maji, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa mama akafungua macho vizuri na kuuliza, “Chakula kimefika?”

Insulini hiyo ni dawa mbili ndani ya kichupa kimoja. Ile ya 30/70 ina sehemu 30 zinazofanya kazi haraka na 70 zinazofanya kazi polepole kwa saa nyingi. Ndiyo maana wengi wanaambiwa wajidunge nusu saa hivi kabla ya kula. Dawa ikishaingia mwilini haingoji mtu apate unga. Inashusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo.

Kwa familia zilizokimbia, ambazo mlo wa jioni haujulikani asubuhi, hapo ndipo penye hatari. Mama huyo sasa hagusi sindano mpaka aone unga ndani ya nyumba na sufuria motoni. Chakula kikikosekana, anamtuma mtoto kituo cha afya kuuliza kipimo kipunguzwe namna gani. Haachi dawa siku nyingi kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani sukari ikipanda sana nayo inaua.

Kuna mambo mengine aliyofundishwa. Dawa hiyo ikitulia inajitenga, kwa hiyo anaviringisha kichupa polepole kati ya viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Hakitikisi kwa nguvu. Ikibaki na mabonge, haitumii. Anabadilisha mahali pa kudunga, tumboni au pajani, ili nyama isiwe ngumu.

Anasoma pia namba. Kichupa kilichoandikwa 100 kinataka bomba la sindano lililoandikwa 100. Mtu akitumia bomba la 40, akavuta mpaka alama ya 20, atakuwa amejidunga 50. Bomba lake ni lake peke yake. Haliazimi hata kwa ndugu.

Nyumba haina friji. Kichupa kinakaa kivulini, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, Kenya: insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto la nyuzi 25 hadi 37 ilibaki na nguvu yake. Jua kali na barafu bado vinaiharibu.

Wa nyumbani nao wajue dalili: kutetemeka, jasho, njaa kali, kuchanganyikiwa. Mgonjwa akiweza kumeza, apewe sukari mara moja, kisha chakula. Akizimia, asiwekewe kitu mdomoni; alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Siku hizi ni mkwe anayetoa ruhusa. “Mama, unga upo, maji yanachemka.” Ndipo kichupa kinatoka chunguni.